Mama Fundi na Tangi la Kuta Mbili

Mama Fundi hakumwamini mtu aliyemwambia kwamba mashine imeharibika. Alimwacha amalize maelezo yake yote, kisha akamuuliza, "Umejuaje?" Nimewaona wanaume wenye karakana zao wenyewe wakibabaika mbele ya swali hilo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilimfahamu kwa miaka kumi na sita. Alikuwa na karakana ya mabati Kiboriloni, hatua chache kutoka sokoni, na kazi yake ilikuwa kuchomelea kwa argoni: ile njia ya taratibu ambayo fundi anashika tochi mkono mmoja na waya wa kujazia mkono wa pili, huku gesi ikilifunika eneo linaloyeyuka ili hewa isiliharibu. Kabla ya hapo alishona mabomba, kama mafundi wanavyoita kuchomelea, katika kiwanda cha sukari, huko tambarare. Alikotoka kabla ya kiwanda sikuwahi kuuliza sawasawa, naye hakuwa mtu wa kusimulia. Kwa lafudhi yake kila mtu alijua si Mchaga, na yeye alijua kwamba wanajua. Jina lake lilikuwa kwenye leseni iliyobandikwa ukutani, lakini sikumbuki mteja hata mmoja aliyelitumia.

Ninaandika habari zake kwa sababu ya tangi moja la maziwa huko Uru. Kikundi cha akina mama wafugaji kilikuwa karibu kupoteza mnunuzi wake kwa sababu ya tangi hilo, na fundi aliyekuwa akishindwa kulitengeneza ni mimi. Nitafika huko. Lakini alichofanya siku ile hakiwezi kueleweka kwa mtu asiyejua alivyofanya kazi siku nyingine zote.

Mimi nilijifundisha kuchomelea mwenyewe, kwa vitabu chakavu na kwa video za kwenye simu. Nilipopata mashine ya argoni ya mtumba, mishono yangu ilitoka myeusi, yenye vitundu kama mkate. Nilibadilisha mtungi wa gesi, nikabadilisha waya, nikasugua chuma mpaka kikang'aa. Baada ya wiki mbili nikachukua kipande cha bomba, nikaenda Kiboriloni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe. Nadhani mashine yangu ni mbovu."

"Umejuaje?"

Nikamweleza kitabu kinavyosema kuhusu kiasi cha gesi, na kwamba nimekifuata.

"Kitabu hicho kiliandikwa wapi?"

"Sijui. Ulaya, nadhani."

"Huko kuna joto kama la hapa?"

Sikuelewa swali. Kesho yake alikuja kwenye karakana yangu, akawasha dawa ya mbu ile ya kuzunguka, akaiweka mezani pale ninapofanyia kazi. Moshi ulipanda wima kidogo, kisha ukalala wote upande wa kushoto. Mama Fundi akainua macho. Juu ya boriti palikuwa na feni niliyoifunga wiki ileile niliyonunua mashine, kwa sababu ya joto.

"Zima."

Nikazima. Moshi ukasimama. Nikashona, na mshono ukatoka wa rangi ya dhahabu hafifu, bila kitundu.

"Mashine imepona," alisema. "Hongera, Profesa."

Tangu siku hiyo aliniita Profesa, na neno hilo halikuwa na sifa ndani yake.

Alikuwa na mpangilio wa kutafuta kosa ambao sikuwahi kumwona akiuruka. Kwanza gesi: inafika, au inavujia njiani? Pili usafi wa chuma, wa waya na wa mikono. Tatu ncha ya tangsteni, ile sindano inayotoa cheche: imechongwa sawa, au imegusa chuma kilichoyeyuka ikachafuka? Nne upepo. Mwisho kabisa mkono wa fundi. Na kabla ya yote hayo alishona kipande cha majaribio cha chuma kilekile. Kikitoka safi, kosa liko kwenye kazi yenyewe. Kikitoka kibaya, kosa liko kwako, na alikuwa na maneno makali kwa mtu anayeendelea kugusa mali ya mteja akiwa katika hali hiyo.

Alibadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Siku moja nilibadilisha ncha na gesi kwa pamoja, mshono ukanyooka, nikafurahi. Yeye akakasirika. "Sasa umejifunza nini? Kesho ikikataa tena utabadilisha vyote viwili tena, utakuwa kama mtu anayekunywa dawa zote za dukani." Akanirudishia ncha ya zamani, akaniamuru nianze upya.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa sikio lake. Cheche ya argoni ina sauti yake, mlio mwembamba unaotulia kazi inapokwenda vizuri. Mara moja alikuwa nje akibishana bei na muuza parachichi, mimi niko ndani nashona kwa ruhusa yake. Alikatiza sentensi yake katikati, akaniambia kupitia mabati, "Profesa, umechovya ncha," kisha akaendelea na parachichi. Nikatazama. Ncha ilikuwa na kitone cha chuma kidogo kuliko punje ya ulezi. Hakuwa ameona hata mwanga wa cheche.

Hakuweza kuyaeleza mambo hayo kwa nadharia. Nilipomsomea kwa nini alumini inasumbua, kwamba ngozi yake ya juu huyeyuka kwa joto kubwa zaidi kuliko nyama yake ya ndani, alisikiliza kimya mpaka mwisho, akasema, "Ala, kumbe ndiyo sababu." Kisha akaniomba nimsomee tena. Alikuwa akilitatua tatizo hilo kwa miaka mingi bila kujua linaitwaje. Alilidhihaki daftari langu, lakini kila nilipofika aliuliza nimeandika nini tangu juzi.

Katika usafi alikuwa watu wawili. Waya wa kujazia haukushikwa kwa mkono mtupu, na brashi iliyowahi kugusa chuma cha kawaida haikukaribia stenlesi, chuma kisichoshika kutu, hata mara moja. Lakini nguo zake za kazi zingeweza kusimama zenyewe, na kikombe chake cha chai kilikuwa na nati mbili ndani ambazo hakujisumbua kuzitoa. Alipokunywa, ziligongana. Jumapili, hata hivyo, alikaa safu ya mbele kanisani akiwa na kitenge kilichopigwa pasi mpaka kinang'aa, na katika kwaya sauti yake ya chini ilisikika hadi langoni.

Aliwachukia waongo, na aliwahi kudanganya kwa ajili yangu. Mteja wangu mmoja alimpelekea kazi niliyoiharibu, akitaka athibitishe kwamba mimi si fundi. Mama Fundi akaigeuzageuza, akasema, "Chuma chenyewe hiki ni kibaya, angepata taabu mtu yeyote." Mteja akaondoka. Kisha Mama Fundi akanipigia simu. "Chuma ni kizuri kabisa. Njoo nikuonyeshe ulivyokiua."

Kazi mbaya hakuifunika. Aliikata. Kijana mmoja wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani alileta machela ya alumini yenye ufa mguuni, ile wanayotumia kumshusha mgonjwa kutoka kambi za juu.

"Nishonee juujuu tu, Mama. Kesho tunapanda."

Mama Fundi akachukua grinda, akaukata mshono wa zamani mbele yake.

"Umeniharibia sasa," kijana akasema.

"Ulikuja nayo imeharibika. Mimi nimekuonyesha tu." Ndani palikuwa na majivu na mashimo, aliyeshona mwanzo alikuwa ameshona juu ya rangi. Alipomaliza kushona upya alimuuliza, "Una kilo ngapi?"

"Themanini hivi."

"Lala."

Akawaita wapagazi wanne waliokuwa wakimsubiri nje, akawaambia wamnyanyue na kumtikisa kama mtu anayeteremshwa kwenye mawe. Kijana alishikilia kingo za machela, wenzake wakicheka hadi wakakaribia kumwangusha. Machela haikulia hata kidogo.

Udhaifu wake ulikuwa urembo. Mshono wake ulipolala sawasawa, kama magamba ya samaki, aliupitisha kiganja ukishapoa, polepole, na hakupenda kitu chochote kiukatize: skrubu, lebo, tundu. Nilikuwa nikidhani hilo ni jambo dogo.

Kisha macho yakaanza. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Alifanya kazi mwaka mmoja zaidi akitegemea sikio na mkono, halafu asubuhi moja alishona kipande cha majaribio, akakipapasa, akakiweka chini. Hakushona tena. Karakana ikafungwa. Nilikuwa nikimwona kanisani, akiongozwa na binti yake, bado safu ya mbele.

Tangi la Uru lilikuwa la stenlesi, la lita mia tano, lenye kuta mbili na nafasi tupu katikati ya kuzuia joto. Lilikaa kwenye kibanda cha kikundi, kati ya migomba na kahawa. Kila alfajiri akina mama walileta maziwa kwa ndoo, na saa mbili asubuhi gari la mnunuzi lilifika kuyavuta. Dereva aliyapima kwanza kwa spiriti, yakigandamana, anayaacha. Ndani ya wiki moja yaligandamana mara mbili. Wakati huohuo tangi lilikuwa likidondosha pale bomba la kutolea linapotokeza kwenye ukuta wa nje. Dereva alisema ameagizwa: Jumamosi yakikataa tena, gari litaacha kupanda Uru.

"Maziwa ya alfajiri yanagandaje saa mbili?" Mama Mwenyekiti wa kikundi aliniuliza. "Tumeshaanza kutazamana vibaya. Kuna mama mmoja, wanasema anachanganya na ya jana. Ana ng'ombe mmoja tu, na watoto wake wanasoma kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Hajainua uso tangu juzi."

Nilishona kuzunguka bomba mara tatu. Kila mara mshono ulikwenda vizuri mpaka ilipobaki nafasi ya kidole kimoja, kisha ukatema, ukaacha kitundu. Nilifuata mpangilio wote. Kipande cha majaribio kilitoka safi. Alhamisi alasiri nikateremka Kiboriloni, nikamkuta Mama Fundi kibarazani akichambua maharage kwa vidole.

"Kipande cha majaribio?"

"Safi."

"Basi kosa liko kwenye tangi. Umelinusa?"

"Lina harufu ya maziwa yanayoungua. Lakini ni tangi la maziwa, Mama."

"Unashonea ndani au nje?"

"Nje."

"Sasa maziwa yanafanya nini nje, Profesa?"

Akaendelea kuchambua, kisha akauliza, "Lina miguu mingapi?"

"Mitatu."

Vidole vikasimama juu ya maharage. "Kesho njoo na gari mapema," akasema.

Ijumaa, akina mama wa kikundi walikuwa wamejaa kibandani. Mama Fundi hakuligusa tangi. Aliwauliza wao kwanza.

"Likiwa tupu linadondosha?"

"Linadondosha hata tukishaliosha," Mama Mwenyekiti alijibu. "Tunatega kopo."

"Kwenye kopo mnakuta nini?"

"Maji meupe. Yananuka."

Kopo hilo nilikuwa nimelisogeza kwa mguu siku tatu mfululizo ili nipate nafasi ya kuweka mtungi wangu wa gesi. Sikuwa nimeuliza ni la nini.

Ndipo alipolisogelea tangi. Alipitisha kiganja kwenye mguu mmoja, akapanda na mshono wa ukuta hadi juu, akazunguka na ukingo, akarudi. Halafu akaniambia niwashe, nishone pale palipokataa. Akasimama nyuma yangu amefumba macho. Mlio ukatulia, ukaendelea, kisha ukaanza kukatakata.

"Acha. Linapumua. Kuna kitu katikati ya kuta, kinachemka, kinausukuma mshono wako kutoka ndani. Leta drili, toboa chini, ukuta wa nje."

"Mama," Mama Mwenyekiti akaingilia, "Profesa wako ameshatuachia matundu matatu. Wewe unaongeza la nne?"

"Naongeza."

"Na kesho ndiyo Jumamosi. Likiharibika zaidi?"

Mama Fundi akageuka upande ilikotoka sauti.

"Tangi hili nililitengeneza mimi," akasema. "Lilikuwa la mtu wa mjini wakati huo, sijui lilifikaje huku. Mkono wangu naujua. Nilipaswa kuacha tundu chini, ili siku ukuta wa ndani ukivuja mjue mapema. Sikuliacha. Nilitaka lipendeze. Ukuta wa ndani umepasuka, maziwa yanaingia katikati, yanachacha humo, kisha yanarudi kidogokidogo na kuharibu ya asubuhi. Hakuna mama aliyechanganya maziwa hapa. Kosa ni langu."

Lazima niseme wazi jambo moja: tangi halikuwa na alama wala jina. Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angejua. Mimi mwenyewe, mwenye daftari, ningetoboa lile tundu, nikalitengeneza tangi, nikapokea shukrani na kuteremka zangu mjini. Nilimtazama yule mwanamke asiyeona vizuri, amesimama katikati ya watu aliowatia hasara, na nikajua kwamba yote niliyokuwa nimeandika kumhusu yalikuwa ya juujuu.

Mlangoni mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika ndoo muda wote akaiweka chini, akainua uso.

"Toboa," Mama Mwenyekiti akaniambia.

Nikatoboa. Yalitoka maji ya kijivu yenye mabonge meupe, na harufu iliyowatoa watu nje. Tuliingiza maji ya moto mpaka yakatoka kama yalivyoingia. Kisha Mama Fundi akaomba pampu ya baiskeli na povu la sabuni. Nilipuliza hewa polepole kupitia lile tundu, huku Mama Mwenyekiti akiwa ameingiza kichwa tangini, akipaka povu kwenye shingo ya bomba.

"Panachemka hapa," sauti yake ikatoka kama ya mtu aliye kisimani. "Mapovu madogomadogo."

Huo ndio ulikuwa ufa, mwembamba kama unywele, upande wa ndani ambao sikuwahi kuugusa. Mmoja wa akina mama alikimbia saluni kuazima kikausha nywele, tukakausha nafasi ya katikati kwa muda wa karibu saa nzima. Nikauchimba ufa, nikajaza argoni nyuma yake, nikashona nikiwa nimeinama tangini hadi kiunoni, Mama Fundi akiwa ameweka sikio kwenye ukuta. Alisema mara mbili tu: "Umeharakisha," na baadaye, "Hapo hapo." Kisha nikafunga matundu yangu matatu ya nje, na safari hii mshono ulifika mwisho bila kutema. Nilipolainisha upande wa ndani, alinipa kipande cha pamba nikivute juu ya mshono. Kingenasa hata uzi mmoja, maziwa yangenasa pia. Hakikunasa.

"Tundu la chini msilizibe," aliwaambia. "Likidondosha, siku hiyohiyo mumwite fundi."

Hakutaka kurudi Kiboriloni. Alilala kwa Mama Mwenyekiti, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta ameshaketi kwenye kigoda, ubavuni mwa tangi, amenyoosha mkono chini yake, kiganja kikiwa chini ya tundu. Ndoo zikaanza kufika. Kila mama alisalimia, akamimina, akasimama pembeni. Wa mwisho alikuwa mama mwenye ng'ombe mmoja. Alimimina maziwa yake kidogokidogo.

"Mama, utachoka," nilimwambia. "Niachie mimi nitazame."

"Wewe tazama. Mimi nimeshika."

Saa mbili kasoro gari likaingia. Dereva alishuka na kichupa chake cha spiriti, akachota, akachanganya, akainua kwenye mwanga. Akakizungusha mara ya pili. Maziwa yalibaki laini kama yalivyokuwa.

"Leo mazuri," alisema. "Lakini tangi lenyewe mmelitengeneza, au nikirudi Jumatatu ni yaleyale?"

Akina mama wote wakamgeukia Mama Fundi. Akautoa mkono chini ya tangi, na kwa kuwa ulikuwa umekufa ganzi ilibidi auinue kwa mkono wa pili. Akaunyoosha mbele.

"Mwenyekiti, shika."

Mama Mwenyekiti alikipapasa kile kiganja kuanzia vidoleni mpaka kifundoni. Akapapasa mara nyingine, katikati ya vidole. Kilikuwa kikavu. Hakukiachia mara moja. Alimwambia dereva, bila kumtazama, alete bomba avute maziwa.